Bea Benaderet: Sauti ya jirani iliyojulikana kabla ya jina

Kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia studio za redio za San Francisco hadi enzi ya televisheni ya rangi, sauti ya Bea Benaderet iliingia katika nyumba za mamilioni ya Wamarekani ambao wengi wao, kama wangepishana naye barabarani, wasingemtambua. Mwanamama huyo, aliyefariki dunia Oktoba 13, 1968 mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 62, alikuwa jirani wa George Burns na Gracie Allen, opereta wa simu mwenye ulimi mkali katika kipindi cha Jack Benny, bibi mlinzi wa kindege Tweety katika katuni za Warner Bros., na Betty Rubble wa The Flintstones.

Ni mara moja tu alipewa kipindi kilichomtegemea yeye mwenyewe. Wakati huo alikwishatimiza miaka 57, na alikuwa amebakiwa na miaka mitano ya kuishi.

Benaderet alizaliwa Aprili 4, 1906 katika Jiji la New York. Baba yake alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Uturuki aliyefanya biashara ya tumbaku, na mama yake alikuwa na asili ya Ireland. Mwaka 1915 familia ilihamia San Francisco, ambako baba alifungua duka la tumbaku na sigara. Binti alianza kupanda jukwaani angali mdogo, na mwaka 1926 akaajiriwa na kituo cha redio cha KFRC cha mjini humo.

Redio ya miaka hiyo haikuwa na mgawanyo wa kazi kama ilivyo sasa. Benaderet aliigiza, aliimba, aliandika michezo na kushiriki katika kuitayarisha. Alifanya pia kazi ya utangazaji, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke. Vipindi vilirushwa moja kwa moja. Hapakuwa na nafasi ya kurudia neno lililokosewa. Aliyefunzwa katika shule ya namna hiyo alijifunza kubadili sauti katikati ya ukurasa, kuwa mwanamke wa Kifaransa sasa hivi na mfanyakazi wa ndani kutoka Mexico dakika mbili baadaye, huku karatasi ikiwa mkononi na saa ya ukutani ikimkodolea macho.

Mwaka 1936 alihamia Hollywood. Huko alifanya kazi na Orson Welles katika michezo yake ya redio, na mwaka 1937 akaingia katika kipindi cha Jack Benny, mchekeshaji aliyekuwa miongoni mwa wenye wasikilizaji wengi zaidi nchini humo. Kufikia miaka ya 1940, orodha ya vipindi alivyoshiriki ilikuwa ndefu kiasi kwamba msikilizaji aliyewasha redio jioni moja angeweza kumsikia mara kadhaa bila kujua kwamba ni mtu yuleyule. Alikuwa Bibi Carstairs, mwanamke wa tabaka la juu katika Fibber McGee and Molly. Alikuwa Eve Goodwin, mwalimu mkuu wa shule aliyechumbiwa katika The Great Gildersleeve. Alikuwa Gloria, mfanyakazi wa ndani katika kipindi cha Ozzie na Harriet.

Kwa Benny, nafasi yake iliyopendwa zaidi ilikuwa ya Gertrude Gearshift. Yeye na Sara Berner, aliyeigiza Mabel Flapsaddle, walikuwa maopereta wawili wa simu waliokuwa wakimsengenya Benny kwa raha zao huku simu yake ikisubiri kuunganishwa. Mzaha huo ulianza mwaka 1945 kama jambo la kupita, lakini wasikilizaji waliupenda na wanawake hao wawili wakaitwa tena na tena. Ubahili wa Benny, ambao ulikuwa msingi wa kipindi kizima, ulipata ladha mpya uliposimuliwa na watu wasiomwogopa.

Hapa ndipo panapoonekana kazi hasa ya mwigizaji wa nafasi za kando. Nyota wa kipindi ana jina lake, ana wimbo wake wa kufungulia na ana nusu saa nzima ya kujieleza. Mwigizaji wa kando anapewa sentensi nne. Katika sentensi hizo nne lazima msikilizaji ajue huyu ni nani, ametoka wapi, anamchukia nani na kwa nini inachekesha. Akizidisha, anamfunika nyota na kesho haitwi. Akipunguza, hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo. Benaderet alipima kiasi hicho kwa miongo miwili ya redio, na waliokuwa wakiandika vichekesho walijua kwamba akipewa mstari hautapotea.

Katuni bila jina

Kuanzia mwaka 1943 hadi mwaka 1955, Benaderet alikuwa sauti kuu ya kike katika katuni fupi za Warner Bros. zilizooneshwa kwenye majumba ya sinema. Kazi hiyo ilifanyika katika chumba cha kurekodia, kabla ya wachoraji kuanza kuchora midomo ya wahusika. Kwa maneno mengine, sauti ilitangulia na mwili ukafuata: pumzi, kicheko na kusitasita kwa mwigizaji ndiko kulikomwongoza mchoraji.

Katika Little Red Riding Rabbit, katuni ya mwaka 1944 iliyoongozwa na Friz Freleng, alimwigiza msichana wa kofia nyekundu kama kijana wa mjini mwenye kelele zisizovumilika, anayewakera sungura Bugs Bunny na mbwa mwitu kwa kiwango kimoja. Ni mojawapo ya kazi zake bora kabisa, kwani mhusika mzima amejengwa kwa ukali wa koo lake. Mwaka huohuo alikuwa mama dubu katika Bugs Bunny and the Three Bears. Mwaka 1950, katika Canary Row, alimpa sauti Bibi kizee mwenye kumlinda Tweety dhidi ya paka Sylvester, na mwaka 1954 akamwigiza mchawi Hazel katika Bewitched Bunny.

Katika hizo zote, jina lake halikuandikwa kwenye skrini. Mwigizaji mwenzake, Mel Blanc, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny na wengine wengi, alikuwa na makubaliano na studio yaliyompa haki ya kutajwa. Little Red Riding Rabbit ni miongoni mwa katuni za mwanzo kabisa zilizobeba jina lake. Wengine waliosimama mbele ya kipaza sauti pamoja naye hawakuwa na makubaliano hayo. Matokeo yake, kwa miaka mingi watazamaji waliamini kwamba kila sauti katika katuni zile ilitoka katika koo la mtu mmoja, na watafiti wa historia ya katuni walilazimika baadaye kusikiliza filamu moja baada ya nyingine ili kutambua nani alikuwa nani.

Kufikia mwaka 1956 nafasi zake katika studio hiyo zilikuwa zimechukuliwa na June Foray, ambaye aliendelea kuwa Bibi na mchawi Hazel kwa miongo mingi na kupata umaarufu mkubwa kwa wahusika hao. Si kosa la Foray, aliyekuwa gwiji kwa haki yake. Lakini wengi wanaowakumbuka wahusika hao hawajui kwamba alikuwepo aliyetangulia.

Nafasi iliyompita

Kati ya mwaka 1948 na 1951, Benaderet aliigiza pamoja na Lucille Ball katika kipindi cha redio cha CBS kilichoitwa My Favorite Husband. Yeye alikuwa Iris Atterbury, rafiki wa mhusika mkuu, na mume wake katika mchezo, meneja wa benki, aliigizwa na Gale Gordon. Wanandoa hao wakubwa kwa umri walikuwa kioo cha kuwachekea wanandoa vijana, na mpangilio huo ulifanya kazi vizuri sana.

Ball alipoamua kuhamia televisheni na kuanzisha I Love Lucy mwaka 1951, watu aliowataka kwa ajili ya majirani wake, Fred na Ethel Mertz, walikuwa Gordon na Benaderet. Hakumpata hata mmoja. Gordon alikuwa amefungwa na kipindi kingine, Our Miss Brooks. Benaderet alikuwa ameanza kuonekana katika kipindi cha televisheni cha George Burns na Gracie Allen tangu Oktoba 1950. Nafasi ya Ethel ikaenda kwa Vivian Vance, na I Love Lucy ikawa kipindi cha vichekesho kilichotazamwa kuliko vyote vya wakati wake. Benaderet alionekana humo mara moja tu, mwaka 1952, kama Bi Lewis, jirani asiyeolewa ambaye Lucy anajaribu kumtafutia mchumba.

Kejeli ya jambo hilo ilijitokeza mwaka 1954. Benaderet aliteuliwa kuwania Tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kazi yake na Burns na Allen. Aliyetangazwa mshindi ni Vivian Vance, kwa nafasi ya Ethel. Mwaka uliofuata Benaderet aliteuliwa tena, Vance naye akiwemo, na tuzo ikachukuliwa na Audrey Meadows. Hakuteuliwa mara ya tatu.

Hata hivyo, haitakuwa sahihi kusema kwamba alikosa bahati. Nafasi ya Blanche Morton, jirani na rafiki wa Gracie, ilidumu kwa miaka minane yote ya kipindi hicho hadi Allen alipostaafu mwaka 1958. Mantiki ya Gracie ilikuwa ya mtu anayeelewa kila neno kwa namna isiyotarajiwa, na vichekesho vyake vingeweza kumfanya aonekane mjinga tu. Blanche ndiye aliyezuia hilo. Alimsikiliza kwa upendo, akaingia naye katika mipango yake ya ajabu, na mtazamaji akaona kwamba mwanamke mwenye akili timamu anaweza kumfuata Gracie kwa hiari yake. Kuigiza kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kuigiza kusema, na ni wachache walioiweza kama Benaderet.

Waume wa Blanche walibadilika mara kwa mara. Hal March, John Brown, Fred Clark na Larry Keating walipokezana nafasi ya Harry Morton, lakini mke alibaki yuleyule. Mwaka 1953, Clark alipoondoka, George Burns alifanya jambo ambalo bado linazungumzwa na wapenzi wa televisheni ya kale. Blanche akiwa tayari kumpiga mumewe kichwani, Burns aliingia jukwaani, akausimamisha mchezo, akawaeleza watazamaji kwamba mwigizaji anabadilika, akamtambulisha Keating kwa Benaderet, na wawili hao wakasalimiana kwa adabu kama watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Kisha Burns akaruhusu mchezo uendelee, na Blanche akampiga mume mpya kwa kosa la mume wa zamani.

Betty Rubble na majaribio ya Bibi

Septemba 30, 1960, televisheni ya ABC ilianza kuonesha The Flintstones, katuni ya kwanza ya vichekesho iliyotengenezwa kwa ajili ya saa za jioni, wakati familia nzima inapotazama. Katika filamu fupi ya majaribio, sauti ya Betty ilikuwa ya June Foray. Kipindi kilipoanza rasmi, watayarishaji William Hanna na Joseph Barbera walimchukua Benaderet badala yake. Safari hii mizani ilielemea upande wake. Wilma akawa Jean Vander Pyl.

Kwa mara nyingine tena Benaderet alikuwa jirani. Betty, mke wa Barney Rubble, hana makubwa anayofanya katika hadithi nyingi za kipindi hicho. Anakuja, anasikia mpango wa Wilma, anacheka kile kicheko chake laini cha mdomo uliofumbwa, na mambo yanaanza kuharibika. Lakini kicheko hicho kilifika mbali. The Flintstones ilioneshwa katika nchi nyingi na kurudiwa kwa miongo, na pengine hakuna kazi ya Benaderet iliyosikilizwa na watoto wengi zaidi. Aliendelea na nafasi hiyo hadi mwaka 1964, kazi nyingine zilipomzidi, na Gerry Johnson akampokea.

Kazi hizo nyingine zilitokana na Paul Henning, aliyewahi kuwa mwandishi wa Burns na Allen. Mwaka 1962 Henning alianzisha The Beverly Hillbillies, hadithi ya familia ya milimani inayogundua mafuta na kuhamia katika mtaa wa matajiri. Benaderet alifanya majaribio ya nafasi ya Bibi wa familia hiyo. Henning aliona umbo lake limejaa mno kwa kizee aliyemfikiria, ambaye alitakiwa kuwa mdogo na mkakamavu, na nafasi ikaenda kwa Irene Ryan. Badala yake Benaderet akawa Pearl Bodine, mama yake Jethro, katika msimu wa kwanza. Kipindi hicho kilishika nafasi ya kwanza kwa watazamaji nchini Marekani, na Henning, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitaka kumpa mwigizaji huyo kipindi chake, sasa alikuwa na nguvu ya kulitimiza.

Kate wa Shady Rest

Petticoat Junction kilianza Septemba 24, 1963 katika televisheni ya CBS. Benaderet alikuwa Kate Bradley, mjane anayeendesha hoteli ndogo ya Shady Rest kando ya reli, akiwa na binti zake watatu na mjomba mvivu, Joe, aliyeigizwa na Edgar Buchanan. Wazo la hoteli lilitokana na simulizi za Ruth, mke wa Henning, kuhusu hoteli ya babu na bibi yake huko Eldon, Missouri. Mmoja wa mabinti, Betty Jo, aliigizwa na Linda, binti wa Henning mwenyewe.

Katika msimu wake wa kwanza kipindi kilishika nafasi ya nne kitaifa. Waliomzoea Benaderet kama mtu wa lafudhi na vituko walishangaa kumwona akiwa mtulivu kuliko wote jukwaani. Kate hapigi kelele. Wengine ndio wanaochekesha. Yeye anapika, anahesabu fedha za hoteli, anamzuia Joe asiwaingize katika biashara ya hasara, na anawaacha binti zake wakue. Ilikuwa nafasi ya nyota iliyoigizwa kwa adabu ya mwigizaji wa kando, na huenda ndiyo sababu ilipendwa. Mwaka 1965 Henning aliongeza kipindi jirani, Green Acres, kikiwa katika mji uleule wa kubuni wa Hooterville, na Kate akawa anavuka kwenda huko kuwapokea wageni wapya.

Mwishoni mwa mwaka 1967 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Uvimbe haukuweza kuondolewa kwa upasuaji, na akapewa tiba ya mionzi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kipindi kiliendelea bila yeye. Waandishi walieleza kwamba Kate amesafiri, na hawakumweka mtu mwingine katika nafasi yake. Waigizaji Rosemary DeCamp na Shirley Mitchell waliletwa kwa zamu kama ndugu waliokuja kusaidia hotelini.

Alirudi katika sehemu ya kufunga msimu, mwaka 1968, na akarekodi pia sehemu ya kwanza ya msimu uliofuata. Nguvu hazikutosha kuendelea. Alifariki Oktoba 13. Mume wake wa pili, Gene Twombly, fundi wa milio ya kuigiza ambaye naye alikuwa mtu wa kipindi cha Jack Benny, alifariki kwa ugonjwa wa moyo siku nne baadaye.

Baada ya mazishi kulikuwa na sehemu moja zaidi iliyosubiri kurushwa, ambamo binti yake Betty Jo anajifungua mtoto. Benaderet hakuweza kusimama mbele ya kamera wakati wa kuitengeneza. Mwanamke mwingine alipigwa picha kwa mgongoni akiwa amevaa kama Kate, na sauti pekee ndiyo iliyokuwa ya Benaderet. Watazamaji waliisikia mwishoni mwa mwezi huohuo wa Oktoba.

Hakuna aliyepewa nafasi ya Kate baada ya hapo. June Lockhart aliingia kama mhusika mpya, daktari Janet Craig, na kipindi kiliendelea hadi mwaka 1970. Mtoto wa kiume wa Benaderet kutoka ndoa yake ya kwanza na mwigizaji Jim Bannon, Jack Bannon, alikwishaonekana katika nafasi ndogondogo za Petticoat Junction wakati mama yake angali hai. Yeye naye alifuata njia ya nafasi za kando, akijulikana zaidi kama mhariri msaidizi Art Donovan katika Lou Grant kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, na alifariki mwaka 2017.